Barua ya Wazi: Ulizeni Mzee Alikuwaje Wiki Mbili Zilizopita

Kwa Waziri wa Afya, Gavana wa Kaunti ya Nairobi, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na wakurugenzi wa hospitali zote za umma jijini Nairobi

Waheshimiwa,

Nimekuwa muuguzi katika idara ya dharura kwa miaka 19, na ninawaandikia kuhusu swali moja ambalo halimo katika fomu yoyote niliyowahi kuijaza mzee anapofikishwa mlangoni petu. Fomu hunitaka niandike joto la mwili, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, kiwango cha oksijeni na sukari. Hunitaka niandike kilichomleta. Hainiulizi popote mtu huyu alikuwa wa namna gani kabla ya kuugua: kama alikuwa akienda kanisani au msikitini kwa miguu yake, kama alijipikia, kama alijua dawa ya asubuhi ni ipi na ya usiku ni ipi, au kama tayari alikuwa mtu wa kuogeshwa na kuvalishwa. Kwa kukosa swali hilo tunampanga mgonjwa kwa ugonjwa wake bila kuujua mwili ambao ugonjwa huo umeuangukia, na kwa mzee hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mama yangu alianguka bafuni nyumbani kwetu katika mtaa wa Umoja asubuhi moja ya Julai, katika ile baridi ya Nairobi ambayo jua hukataa kutoka juma zima. Sikuwa zamu siku hiyo, kwa hiyo nilimpeleka hospitali kama mtoto wa mgonjwa, si kama muuguzi. Kitambulisho chake kilisema ana miaka 77. Mapigo ya moyo yalikuwa 84, joto la mwili lilikuwa la kawaida, shinikizo la damu lilikuwa 124 kwa 70, na hapakuwa na mfupa uliovunjika. Kwa mujibu wa karatasi alikuwa mtu anayeweza kusubiri, basi wakamketisha kwenye benchi pamoja na wengine wanaosubiri, na mlinzi akaniambia kwa adabu kwamba jamaa wote wakae nje ya mlango. Nilikaa nje. Niliporuhusiwa kuingia jioni nikiwa na chupa ya chai, aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani na kuniuliza kama ng'ombe wamerudi. Nilimwambia muuguzi wa zamu kwamba mama hayuko hivi. Akanijibu, bila ubaya wowote, kwamba shosho amezeeka. Usiku ule mama alichomoa dripu, akachomwa sindano ya kumtuliza, na asubuhi nilimkuta amelala kwenye machela, mikono imefungwa kwa bendeji kwenye vyuma vya pembeni. Picha ya kifua iliyopigwa siku ya pili ilionyesha nimonia. Nimonia hiyo ilitibiwa vizuri, na baada ya siku 11 alirudi nyumbani mapafu yakiwa yamepona, na yeye mwenyewe hawezi kuinuka kitini.

Sitaitaja hospitali hiyo, wala sitaki mtu yeyote aadhibiwe. Muuguzi aliyenijibu vile angeweza kuwa mimi. Nimewahi kusema maneno hayohayo kwa watoto wa wengine, usiku ambao tulikuwa wauguzi wawili kwa ukumbi mzima wa wagonjwa, na sikuwahi kurudi kuangalia wazee wale walitoka vipi. Ninachokisikitikia ni kwamba katika saa zote zile nilizokaa nje ya mlango, jibu lililohitajika nilikuwa nalo mimi, na hapakuwa na mtu aliyetumwa kuja kuniuliza.

Kama ningeulizwa mama alikuwaje wiki mbili kabla ya hapo, ningesema kwamba tangu Pasaka alikuwa ameacha kwenda sokoni Marikiti kununua mboga za kuuza, kwa sababu magoti na pumzi havikumruhusu tena. Kwamba mjukuu ndiye aliyemletea sukumawiki na nyanya, na ngazi za nyumba alizipanda akiwa ameshikwa mkono. Ningesema pia kwamba alikuwa bado akikaa langoni kila siku akiuza, akihesabu pesa bila kukosea hata shilingi moja, akimtambua kila mteja kwa sauti kabla hajamwona. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ingewaambia kwamba huyu ni mtu ambaye akiba ya mwili wake imepungua na hafai kuachwa kwenye benchi siku nzima bila maji wala chakula. Sehemu ya pili ingewaambia kwamba mama anayeulizia ng'ombe Umoja hajazeeka ghafla tangu asubuhi, bali akili yake imevurugwa na ugonjwa ambao bado haujaonekana, na ugonjwa huo utafutwe usiku uleule.

Wenzangu wa taaluma wanajua kwa nini vipimo vya kawaida vilituficha ukweli, lakini niyaseme kwa ajili ya wenye mamlaka ambao si watabibu. Mwili wa mzee hautoi ishara za hatari kwa namna ambayo mwili wa kijana huzitoa. Nimonia inaweza kumshika mzee bila homa. Mshtuko wa moyo unaweza kumjia bila maumivu ya kifua, ukaonekana kama uchovu au kichefuchefu tu. Anayetumia dawa za presha za kundi linalopunguza kasi ya moyo anaweza kupoteza damu nyingi na mapigo yake yasipande. Shinikizo la 120, ambalo kwa kijana ni la kutuliza roho, kwa mtu aliyezoea 170 linaweza kuwa dalili kwamba anaporomoka. Mara nyingi ishara ya kwanza ya ugonjwa mkubwa kwa mzee ni kuanguka, kukataa kula, kushindwa kutoka kitandani au kuweweseka, yaani akili kuvurugika ghafla, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo na nafasi yake katika safu ya tarakimu tunayoijaza.

Hali ninayoizungumzia ni udhaifu wa uzeeni, na ningependa tusiuchanganye na umri. Lugha yetu yenyewe imekwisha kutofautisha, kwa kuwa si kila mzee ni kikongwe. Yupo mtu wa miaka 85 anayelima shamba lake Murang'a na kuwazidi wajukuu kwa jembe, na yupo wa miaka 66 aliyemalizwa na kisukari na kiharusi hata hawezi kufunga vifungo vya shati. Udhaifu huu ni kupungua kwa akiba ya viungo vingi vya mwili kwa pamoja, kiasi kwamba jambo dogo, kama maambukizi ya mkojo, dawa mpya au usiku mmoja bila usingizi, humwangusha mtu kutoka kwenye kujitegemea hadi kwenye kutegemea wengine kwa kila kitu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Linda Fried walieleza ishara zake tano: kukonda bila kukusudia, uchovu wa kudumu, mshiko dhaifu wa mkono, mwendo wa polepole na kupungua kwa shughuli za mwili. Aliye na tatu kati ya hizo walimhesabu kuwa dhaifu. Mwaka 2005 Kenneth Rockwood na wenzake wa Halifax, Kanada, walichapisha mizani ya kuutathmini udhaifu huo kwa kumtazama mtu na kuuliza anachoweza kufanya, mizani ambayo baadaye ilipanuliwa ikawa na ngazi 9. Ngazi ya 1 ni ya mwenye nguvu kabisa. Ya 4 ni ya yule ambaye hategemei mtu lakini dalili zake zimeanza kumpunguzia shughuli. Kuanzia ya 5 mtu huhesabiwa kuwa anaishi na udhaifu, ya 7 ni ya anayetegemea wengine kabisa kwa kuoga na kuvaa, na ya 9 ni ya mgonjwa aliyekaribia mwisho wa maisha kwa ugonjwa usiopona, hata kama hakuwa dhaifu hapo kabla.

Mizani hiyo haihitaji mashine, damu wala umeme. Muuguzi aliyeizoea huimaliza kwa muda usiozidi dakika moja. Kanuni yake kubwa, ambayo watu wengi hukosea, ni kwamba haipimi mgonjwa alivyo leo machelani, kwa sababu leo kila mtu ni dhaifu. Inapima alivyokuwa wiki mbili zilizopita, kabla ugonjwa huu haujamshika. Uingereza imelichukulia jambo hili kwa uzito hadi kwamba mpango wa muda mrefu wa huduma yake ya afya, uliotolewa mwaka 2019, ulizitaka hospitali zenye idara kubwa za dharura ziwe na huduma ya wazee dhaifu kwa saa 70 kila juma, na zilenge kukamilisha tathmini hiyo ndani ya dakika 30 baada ya mgonjwa kufika. Siombi Nairobi iige saa 70. Ninaomba dakika moja, na mtu wa kuulizwa.

Huyo mtu wa kuulizwa ndiye kikwazo chetu kikubwa, na kukiondoa hakugharimu chochote. Katika idara nyingi za dharura mlinzi ameagizwa awazuie jamaa ili ukumbi usijae, na agizo hilo lina sababu yake, maana nimefanya kazi katika ukumbi uliojaa jamaa hata machela haipiti. Lakini mzee anayeweweseka hawezi kujieleza, na anayemjua ameachwa nje. Tena jiji hili lina namna zake. Aliyemleta anaweza kuwa jirani wa ploti, msichana wa kazi aliyeanza juzi, au kijana wa boda boda aliyemwokota njiani. Wengine wameletwa kutoka mashambani juma hilohilo waje watibiwe Nairobi, na mtoto anayeishi nao hapa hajui mama alivyokuwa mwezi uliopita, ila anayejua ni mke wa kaka aliyeko nyumbani. Simu moja inatosha kumpata. Kwa hiyo ninaomba agizo la maandishi kutoka kwenu kwamba kila mgonjwa mwenye umri wa kuanzia miaka 65 aruhusiwe kuwa na mtu mmoja anayemfahamu kando yake tangu anapofika, na kama hakuna, namba ya simu ya anayemfahamu iandikwe kwenye fomu na ipigwe.

Niongeze neno kuhusu umri wenyewe. Wazee wengi waliozaliwa kabla ya uhuru walikadiriwa mwaka wa kuzaliwa siku walipochukua kitambulisho, kwa kukumbuka njaa fulani, vita au rika la tohara. Mama yangu mwenyewe hana hakika na ile 77. Tukitegemea umri peke yake kuamua nani ahudumiwe kwa uangalifu zaidi, tunategemea makisio ya karani. Tukiuliza mtu anafanya nini kwa siku yake, tunapata jambo tunaloweza kuliamini.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo naliona likipuuzwa kila tunapoletewa chombo kutoka nje, yaani namna ya kukigeuza kiwe chetu. Mizani ya Rockwood huuliza kuhusu shughuli za nyumbani, usafiri, pesa na dawa. Tukizitafsiri neno kwa neno tutapata majibu ya uongo. Mzee wa kiume aliyehudumiwa na mke miaka 50 hajawahi kupika, na kutopika kwake hakuonyeshi udhaifu wowote. Tuulize mambo ya hapa: je, anapanda matatu peke yake na kushuka kituo sahihi? Anaweza kutuma pesa kwa simu bila kumpa mtu namba yake ya siri? Anachota maji mwenyewe siku ambazo mfereji umekauka? Akiishi ghorofa ya nne isiyo na lifti, mara ya mwisho alishuka lini? Swali hilo la mwisho limenifunulia mengi kuliko yote, kwa sababu wapo wazee katika nyumba za ghorofa za Pipeline na Huruma ambao hawajagusa ardhi kwa miezi, na watoto wao wanasema kwa unyofu kwamba mzee hana shida yoyote.

Ndivyo ilivyo pia kwa kipimo cha kuweweseka. Jaribio fupi la 4AT, lililotungwa Edinburgh, huchukua chini ya dakika mbili. Hutazama kama mgonjwa yuko macho sawasawa, humuuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka huu, humtaka ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba, kisha huuliza kama hali yake imebadilika ghafla au inapanda na kushuka. Alama 4 au zaidi humaanisha kwamba huenda anaweweseka na sababu itafutwe. Ni jaribio zuri, na ningependa lifanywe kwa kila mzee anayelazwa. Lakini tarehe ya kuzaliwa, kama nilivyosema, wengi hawajawahi kuijua, kwa hiyo kuikosa si ishara ya kuvurugika. Na miezi kwetu huitwa kwa hesabu: mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi. Mzee anayeihesabu hivyo amehesabu namba tu kurudi nyuma, ambalo ni jaribio jingine na rahisi zaidi. Hata tukitumia siku za juma badala ya miezi, nazo zina hesabu ndani yake kutoka Jumamosi hadi Jumatano, kisha Alhamisi na Ijumaa zinaikatiza. Haya si mambo ya kuachia kila muuguzi ayaamue peke yake usiku. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara za tiba, uuguzi na Kiswahili katika jiji moja. Wakae pamoja, watunge maswali, wayajaribu kwa wazee wenye afya na kwa wagonjwa, na watupe karatasi iliyothibitishwa, kwa Kiswahili na kwa lugha ambazo wazee wetu hurudia wakizidiwa, kwa sababu mzee mgonjwa mara nyingi huacha Kiswahili na kurudi kwenye lugha ya mama yake.

Mtasema kwamba nchi haina uwezo wa kubadilisha namna idara za dharura zinavyopokea wagonjwa. Imekwisha kufanya hivyo kwa watoto. Tangu katikati ya miaka ya 2000 wahudumu wa Kenya wamefundishwa utaratibu wa dharura wa watoto unaojulikana kama ETAT+, na leo ni vigumu kumkuta mtabibu wa watoto anayeandika dawa bila kwanza kujua uzito wa mtoto. Utepe wa kupima mkono wa juu, ambao ukisoma chini ya sentimita 11.5 humwonyesha mtoto mwenye utapiamlo mkali, uko mikononi mwa wahudumu hadi vijijini. Tulielewa kwamba malaria kwa mtoto mnene na malaria kwa mtoto aliyekonda ni hatari mbili tofauti. Ninaomba ufahamu huohuo kwa wazazi wa wazazi wa watoto hao. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye miaka 60 au zaidi kati ya Wakenya milioni 47.6, na idadi hiyo inakua.

Alama ikishaandikwa lazima ibadilishe kitu, la sivyo tutakuwa tumeongeza karatasi juu ya karatasi. Kwa mzee wa ngazi ya 5 kwenda juu, mambo mengi yanayofaa ni madogo hata naona haya kuyaandikia wakubwa: apewe maji na chakula akiwa anasubiri, asipokuwa amezuiwa kula kwa sababu ya upasuaji, awekwe kitandani au kwenye kiti chenye mgongo, si benchi, apelekwe chooni badala ya kuwekewa mpira wa mkojo kwa kuwa hakuna wa kumsindikiza, arudishiwe miwani yake na meno yake ya bandia, ambayo kila juma nayakuta yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya machela huku mwenyewe akiitwa mkaidi kwa kutojibu.

Kuhusu dawa nitasema zaidi, maana hapa tunadhuru kwa mikono yetu. Mzee anayeweweseka akichomwa diazepamu ili atulie, mara nyingi huamka amevurugika kuliko alivyolala. Sindano ya diklofenaki, ambayo katika idara za dharura hutolewa kwa kila maumivu kana kwamba ni maji, inaweza kuziumiza figo ambazo tayari zimechoka, hasa kwa anayetumia dawa za presha na aliyekaukiwa maji. Hata kidonge cha chlorpheniramine, kile cha manjano ambacho kila nyumba ya Nairobi inacho kwa ajili ya mafua, kinaweza kumvuruga mzee akili na kumzuia mkojo. Ninaomba mfamasia wa hospitali apitie orodha ya dawa za kila mzee dhaifu kabla ya kulazwa, pamoja na zile za mitishamba na za duka la mtaani ambazo familia haizitaji isipoulizwa kwa upole.

Kisha ainuliwe. Watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa na nimonia, hawakuwa na dripu, wala hawakufungwa mikono. Mama yangu alilala siku 11. Hakuna aliyemkosea siku yoyote kati ya hizo kwa kipimo cha kazi tuliyofundishwa, kwa sababu tulifundishwa kwamba mgonjwa mzuri ni aliyelala. Daktari Marjory Warren aliionyesha London njia nyingine tangu miaka ya 1930, alipokabidhiwa wodi za wazee walioachwa vitandani, akawachunguza mmoja mmoja, akawainua, na baadhi yao wakarudi makwao. Madaktari bingwa wa wazee nchini kwetu ni wachache mno, na sitarajii kila hospitali impate wake hivi karibuni, lakini mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kuitwa siku ya kwanza badala ya siku ya kuruhusiwa, na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa anakotoka mzee anaweza kupigiwa simu kabla hajafika nyumbani. Kwa wale wa ngazi ya 7 na 8, familia iketishwe na kuulizwa mzee mwenyewe angetaka nini. Nairobi imekuwa na hospisi, yaani kituo cha kuwatunza wagonjwa wasiopona, tangu mwaka 1990, na bado tunawakimbiza wazee wanaoaga dunia kutoka idara moja hadi nyingine kana kwamba tiba ya kuondoa maumivu bado haijafika katika jiji hili.

Nina hofu moja ninayopaswa kuieleza, kwa sababu nikiificha barua hii inaweza kutumiwa vibaya. Alama ya udhaifu inaweza kugeuzwa kuwa sababu ya kumnyima mtu matibabu. Machi 2020, janga la korona lilipoanza, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza ilielekeza mizani hiyohiyo itumike katika maamuzi ya wagonjwa mahututi, na ilibidi irekebishe mwongozo wake baada ya siku chache, kwa kuwa watu wenye ulemavu walionyesha kwamba wangepewa alama mbaya kwa sababu ya ulemavu wao wa siku zote. Mizani hii haikutengenezwa kwa ajili yao, wala kwa vijana. Katika hospitali zetu, ambako kitanda cha wagonjwa mahututi hugombaniwa na familia huulizwa habari za malipo mapema, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Naomba basi mwongozo wowote mtakaoutoa uanze kwa kusema wazi kwamba alama hii ni ya kuongeza uangalifu, na kwamba hakuna mzee atakayekataliwa, kucheleweshwa au kurudishwa nyumbani kwa sababu yake peke yake. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Kifungu cha 57 kinaitaka Serikali ihakikishe wazee wanaishi kwa heshima na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Mikono iliyofungwa kwa bendeji haiendani na kifungu hicho, hata kama aliyeifunga alikuwa amechoka na peke yake.

Kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii ninaomba tathmini hii itambuliwe kuwa sehemu ya huduma inayolipiwa hospitali, kwa maana najua kwamba kisicholipiwa hakidumu hata kikianza kwa moyo safi. Kwa Gavana, ambaye Katiba imemkabidhi hospitali za kaunti na ambulensi, ninaomba tuanze na Mama Lucy Kibaki na Mbagathi kwa miezi sita, kwa zamu zote, usiku ukiwemo, na matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya: ni wazee wangapi waliulizwa, wangapi waliweweseka, na wangapi waliotembea wakiingia walitoka wakitembea. Kwa Waziri, ninaomba mstari mmoja uongezwe kwenye fomu ya kumpokea mgonjwa wa dharura, chini ya kiwango cha sukari, palipo na nafasi.

Mama yuko nyumbani. Akili ilimrudia baada ya wiki tatu, na sasa anauliza mboga zinauzwa bei gani, lakini langoni hupelekwa kwa kiti cha magurudumu siku ambazo mjukuu hana masomo. Mstari ninaouomba nimekwisha kuuandika kwa mkono kwenye nakala ya fomu yetu, pamoja na maswali manane niliyoyajaribu kwa wazee wa kanisa letu, na niko tayari kuuleta katika ofisi ya yeyote kati yenu, siku yoyote ambayo siko zamu.

Wenu mwaminifu,

Muuguzi wa idara ya dharura, Nairobi